Makala ikiondolewa huko juu, nani anaondoa fishi kwenye depo yetu?

Wandugu wa koperative, mwisho wa mwaka 2025 kulipita habari moja yenye kutugusa sisi wote tunaopiga dawa ya kuua majani. Gazeti la kisayansi Regulatory Toxicology and Pharmacology liliondoa makala liliyoichapisha mwaka 2000. Makala ile ilisema kwamba glifosati, dawa iliyo ndani ya Roundup na bidoni zingine nyingi za sokoni, haina hatari kwa afya ya mtu. Ilikaa miaka 25, na watu wengi waliitaja kama ushahidi.

Mhariri alieleza kwamba makala ilisimama zaidi juu ya majaribio ya Monsanto, kampuni yenyewe ya Roundup, majaribio ambayo hayakuchapishwa. Tena inaonekana wafanyakazi wa kampuni walisaidia kuiandika bila majina yao kutajwa. Hayo yalijulikana tangu 2017, wakati barua za kampuni zilitoka katika kesi huko Marekani. Hata hapo ikabaki miaka minane.

Sasa tuangalie ingine. Mwaka 2012 Profesa Séralini wa Ufaransa na wenzake waliandika, katika gazeti Food and Chemical Toxicology, kwamba panya waliolishwa mahindi ya NK603 na Roundup walipata uvimbe. Mwaka 2013 makala ikaondolewa. Mhariri alisema hakuona udanganyifu, lakini panya walikuwa wachache mno, tena wa aina inayopata uvimbe hata bila kupewa kitu. Kwa hiyo matokeo hayakutosha. Mimi nakubali hiyo sababu. Lakini huyu mwaka mmoja na kidogo, yule miaka 25? Mizani gani hiyo?

Tusikosane hapa: kuondoa makala siyo kusema dawa ni sumu. Ni kusema shahidi huyu hasikilizwi tena. Juu ya kansa, wakubwa bado hawajapatana. Shirika la kansa la OMS lilisema mwaka 2015 kwamba yaelekea glifosati inaleta kansa. Umoja wa Ulaya mwaka 2023 ukaiongezea ruhusa ya miaka 10.

Magazeti haya yana utaratibu, na siyo mubaya. Kosa dogo, wanachapa sahihisho. Kosa likiharibu matokeo yote, wanaondoa makala, lakini hawaifichi: inabaki kwenye intaneti na alama ya kuonyesha kwamba imeondolewa. Shida ni kwamba ile alama haifiki kijijini. Fishi ya zamani iliyoandikwa kwa kufuata makala ile iko kwenye ukuta wa depo, safi kabisa. Muuza dawa anasema « wataalamu walishapima », na mama anabeba pompi mgongoni bila kufunika mikono wala pua.

Kwa maoni yangu, mashirika yanayotugawia fishi, na hili lenye kuchapa gazeti letu pia, yaandike chini ya kila fishi mwaka na mahali habari ilitoka. Na ikiondolewa, watutumie barua. Gari lililoleta fishi linaweza kuleta na barua.

Sisi nasi tusingoje. Kwa mkutano ujao, katibu atoe fishi zote za depo, atenge zile hazina mwaka, halafu mumuulize moniteri moja kwa moja: hii ilitoka wapi?