Mtoto Asiye na Cheti



Ndugu wasomaji, mwezi huu tunapenda kuzungumzia jambo ambalo wengi wetu hulidhania dogo, nalo ni kuandikisha kizazi. Katika nchi hii ya Australia tunamoishi wapo watoto wanaozaliwa, wakakua, wakafikia umri wa kutafuta kazi, bila ya majina yao kuwamo katika daftari la serikali. La kusikitisha ni kwamba wanaopatwa zaidi na msiba huu ni watoto wa wenyeji wa asili, wenye nchi yao.

Mwaka 2018 Mchunguzi wa Malalamiko ya Umma wa jimbo la Queensland alitoa ripoti juu ya jambo hili. Ilikadiriwa humo kwamba kati ya asilimia 15 na 18 ya vizazi vya akina mama wenyeji wa asili havikuandikishwa, ilhali kwa akina mama wengine kiwango hicho hakikufika asilimia 2. Mtoto asiye na cheti hutaabika kupata leseni ya udereva, pasipoti, hata akaunti ya benki.

Yawapasa wenye akili kuuliza: kwa nini? Sheria ya usajili ni moja kwa wote, na sheria ya kupiga marufuku ubaguzi wa rangi ilipitishwa tangu mwaka 1975. Jawabu limo katika historia. Katiba ya mwaka 1901 ilikuwa na kifungu kilichoamuru wenyeji wa asili wasihesabiwe katika idadi ya watu wa nchi. Kifungu hicho kilifutwa baada ya kura ya maoni ya mwaka 1967, ambapo zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura walikubali. Aidha, kwa miaka mingi serikali iliwanyang'anya wazazi watoto wao, kama ilivyoelezwa katika ripoti ya mwaka 1997, na Waziri Mkuu Kevin Rudd akaomba radhi Bungeni mwaka 2008. Mama ambaye ndugu zake walichukuliwa na maofisa, atakwenda kwa moyo gani mbele ya ofisa kumwandikisha mwanawe? Ongeza juu ya hayo umbali wa vijiji, fomu za Kiingereza kigumu na ada ya cheti. Ubaguzi ukifutwa katika maandishi, kivuli chake hubaki.

Nasi wa Afrika Mashariki tusidhani kwamba haya ni ya wengine tu. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za mtoto iliamua kuwa Kenya imewavunjia haki watoto wa Kinubi, ndugu zetu Waislamu, katika usajili na uraia, na kwamba huo ulikuwa ubaguzi.

Basi tuna wajibu wa namna mbili. Wa kwanza ni kuuzuia ulimi. Tumesikia barazani maneno ya dharau juu ya wenyeji wa asili, yanayosemwa na watu ambao wao wenyewe hulalamika kudharauliwa kwa rangi na dini zao. Dhuluma haigeuki kuwa haki kwa kuwa sasa inatoka mdomoni mwetu.

Wa pili ni kuwaandikisha watoto wetu. Taarifa inayopelekwa na hospitali si usajili. Wazazi hutakiwa kujaza fomu yao ndani ya siku 60. Kuandikisha ni bure, cheti ndicho hulipiwa. Siku ya akika, jina likishatolewa, ni wakati mzuri wa kukaa na fomu hiyo. Tuangalie herufi kwa makini, na jina la baba na la babu yasipindukie mahali pasipo pake. Wala tusidhani kuwa cheti ndicho uraia: tangu tarehe 20 Agosti 1986, kuzaliwa hapa pekee hakumfanyi mtoto raia papo hapo, ila mzazi mmoja awe raia au mkaazi wa kudumu.

Qurani Tukufu, katika Sura ya Al-Ahzab, imetuamuru tuwaite watoto kwa baba zao. Kulihifadhi jina la mtoto na nasaba yake ni amana, na amana hiyo haichagui rangi.

Wabillahi tawfiq.