Bei ya jeti kuukuu, gharama za jeti mpya

Jeti nyepesi iliyotumika ni ndege ambayo bei yake imeporomoka na gharama zake zimebaki palepale. Somo zima ni hilo, na ndilo lililokosekana katika video ya dalali mmoja wa Marekani iliyozunguka kwenye simu za watu wiki hii. Dalali anainadi Cessna Citation Mustang: ngozi ya viti, kabati za mbao, rangi iliyopigwa juzi. Mteja wake, mtu wa makamo aliyezoea kurusha ndege ndogo za propela, anatabasamu tu. Injini zinatajwa mara moja, kwamba "ziko poa". Wasomaji wa safu hii wanamjua dalali huyo. Ni ndugu wa yule wa bandarini ambaye kila gari lake kutoka Japani lilikuwa la bibi mmoja, akiendea sokoni tu.

Mustang yenyewe haina kosa. Ilipata kibali mwaka 2006, ikaacha kutengenezwa mwaka 2017, na zaidi ya 470 zilitoka kiwandani. Ina injini mbili za Pratt & Whitney Canada, hupanda hadi futi 41,000, hukimbia karibu kilomita 630 kwa saa, na rubani mmoja anaruhusiwa kuirusha bila msaidizi. Dalali anavihesabu viti vyake sita kwa sauti, cha rubani kikiwemo. Uzito hauhesabu. Matangi yakijaa mafuta, viti sita havijai watu. Mwenye familia kubwa ataacha mizigo nyumbani, au atapunguza mafuta na kutua njiani kuongeza mengine.

Baada ya viti huja injini, na hapo video inapiga kimya. Injini ya Mustang hufanyiwa ukarabati mkuu ikifikisha saa 3,500, na sehemu zake za moto hukaguliwa katikati ya safari hiyo, saa 1,750. Ukarabati mkuu hula mamia ya maelfu ya dola kwa injini moja, na injini ni mbili. Fundi hajali kwamba ndege ilinunuliwa kwa takriban dola milioni 2. Ankara yake ni ileile. Ndiyo maana wamiliki wengi hujiunga na mpango wa injini, wakichangia kwa kila saa wanayoruka ili siku ya ukarabati ikifika mfuko uwe umekwisha kujaa. Ndege iliyomo kwenye mpango na isiyomo ni bidhaa mbili tofauti, hata zikiwa na umri na rangi moja. Dalali asiyeutaja mpango hajasahau.

Ukaguzi wa kabla ya kununua hufanywa na karakana inayoijua aina hiyo ya ndege lakini haina uhusiano na muuzaji, na anayeichagua ni mnunuzi. Mafundi hutafuta kutu, nyufa na matengenezo ya ajali za zamani, kisha husoma vitabu vya kumbukumbu tangu siku ndege ilipotoka kiwandani. Ukurasa uliopotea hushusha thamani kuliko kiti kilichochanika. Madeni nayo hutafutwa kwenye masijala ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, mjini Oklahoma City, na kwenye masijala ya kimataifa iliyoko Dublin, iliyoundwa chini ya mkataba uliotiwa saini Cape Town mwaka 2001. Hadi kazi hiyo ikamilike, fedha hukaa mikononi mwa mtu wa tatu.

Anayekimbilia kilicho rahisi zaidi amkumbuke mtengenezaji wa Eclipse 500. Kampuni hiyo ya Albuquerque iliahidi jeti ya chini ya dola milioni 1, ikatoa ndege zipatazo 260, baadhi zikikabidhiwa kwa wateja kabla mitambo yake haijakamilika, na mwaka 2008 ikafilisika. Walionunua walibaki na ndege isiyo na mzazi.

Mwisho ni rubani mwenyewe. Sheria ya Marekani inadai kibali maalumu kwa kila aina ya jeti, mtihani wake ukiwa wa kiwango cha marubani wa mashirika ya ndege, na ukaguzi wa uwezo kila mwaka. Kampuni za bima huongeza yao: mgeni wa jeti huirusha kwanza akisindikizwa na rubani mzoefu hadi saa walizotaka zitimie. Katika video, yote hayo yamefupishwa kuwa "wiki mbili za darasa".

Darasa peke yake halitoshi. Tarehe 8 Desemba 2014, daktari mmoja aliyekuwa akirusha mwenyewe jeti yake, Embraer Phenom 100, alianguka juu ya nyumba za Gaithersburg, Maryland, akikaribia kutua. Kibali alikuwa nacho. Wachunguzi walieleza kwamba alishuka katika hali ya barafu bila kuwasha mfumo wa kuibandua kwenye mabawa, tena kwa mwendo mdogo kuliko ule ambao barafu inadai. Walikufa watatu waliokuwa ndani ya ndege, na nyumbani mwao mama mmoja na watoto wake wawili, ambao hawakuwa wamenunua jeti yoyote.

Hesabu ya mnunuzi basi ni fupi. Asiyeweza kubeba gharama za jeti mpya hana ubavu wa kununua iliyotumika, na asiye na nafasi ya kujifunza na kuruka mara kwa mara asiirushe peke yake. Huyo aajiri rubani, akodi ndege, au abaki na propela yake. Dalali atampata mwingine.