Wikipedia ya Kiswahili inahitaji kadi za maswali, si makala peke yake

Kila mwaka, mtihani wa serikali unapokaribia, mambo ni yale yale huko Goma, Bukavu, Uvira ama Bunia. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari anashika telefone, anafungua Wikipedia na kusoma makala juu ya volkano ama juu ya Mkutano wa Berlin mara tatu, mara nne. Akifunga, anaona ameelewa yote. Siku ya mtihani, mbele ya swali, kichwa ni kitupu.

Huo si uvivu. Tatizo ni namna ya kusoma. Kusoma tena na tena kunampa mtu hisia ya kujua, lakini elimu inakaa pale anapolazimika kutafuta jibu ndani ya kichwa chake, bila kuangalia andiko. Mwaka 2006, watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walipima jambo hilo kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Dakika 5 baada ya masomo, waliosoma andiko mara mbili ndio waliokumbuka zaidi. Baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: wao walikumbuka asilimia 42, na wenzao waliosoma mara moja kisha wakajipima walikumbuka asilimia 56.

Chombo cha kujipima si kigeni. Ni kadi: upande mmoja swali, upande wa pili jibu. Mwaka 1972, mwandishi wa Kijerumani Sebastian Leitner alieleza namna ya kuzipanga ndani ya sanduku. Kadi iliyojibiwa vizuri inasogezwa nyuma na kurudi baada ya siku nyingi. Iliyokosewa inarudi mbele ili iulizwe tena haraka. Leo programu kama Anki inafanya kazi hiyo ndani ya telefone.

Basi kwa nini Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003 na yenye makumi ya maelfu ya makala, isiwe na kadi hizo kando ya makala zake?

Wengine watajibu kwamba kamusi elezo si shule: kazi yake ni kutoa habari, si kufundisha. Neno hilo lina uzito. Ila hakuna anayeomba maswali yajazwe katikati ya makala. Yanaweza kukaa kwenye ukurasa wa pembeni, anayetaka afungue, asiyetaka apite. Wikiversity, ndugu yake Wikipedia, tayari ina namna ya kuweka maswali ya kuchagua jibu.

Hofu kubwa zaidi ni ya makosa. Kadi mbaya ni hatari kuliko makala mbaya, kwa sababu msomaji hairuki: anairudia mpaka kosa linakaa kichwani kama ukweli. Lakini hapo ndipo kamusi elezo ya pamoja inashinda karatasi. Fikiria swali dogo: DRC ina majimbo mangapi? Hadi mwaka 2015 jibu lilikuwa 11. Tangu mgawanyo wa mwaka huo, ni 26. Kadi ya zamani iliyoandikwa kwa mkono, ama faili inayopitishwa kutoka telefone hadi telefone, itaendelea kusema 11 na hakuna atakayeisahihisha. Kadi iliyofungwa kwenye makala yake ingepata ishara siku ile ile makala inapobadilishwa, na yeyote anayejua angeirekebisha, kama vile watu wanavyorekebisha makala zenyewe.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni hilo: hakuna kadi bila makala, na hakuna jibu lisilo na chanzo ndani ya makala hiyo. Sharti la pili ni kwamba kadi isiulize tarehe tu. Kuuliza Nyiragongo ililipuka lini, na mtoto ajibu 1977, 2002 na 2021, kunasaidia kidogo. Kuuliza kwa nini lava yake inakimbia kuliko ya volkano nyingi, na ajibu kwamba ina silika kidogo sana ndiyo maana ni nyepesi kama uji, hapo anajua kitu kinachomhusu yeye na mtaa wake.

Kuna pia suala la lugha. Mtihani unafanywa kwa Kifaransa. Kadi ya Kiswahili inaweza kubeba neno la Kifaransa kando ya maelezo, ili mtoto aelewe kwa lugha ya nyumbani na ajibu kwa lugha ya mtihani. Na kwa kuwa mega ni ghali na mtandao unakatika, kadi ziingizwe ndani ya Kiwix, programu ya bure inayowezesha kusoma Wikipedia bila intaneti. Mwalimu mmoja akipakua, shule nzima inanakili.

Inabaki swali la nani ataziandika. Zikiachiwa watu wa mbali, zitauliza mambo ya mbali. Walimu wa Kivu, Ituri, Tanganyika na Katanga tayari wanatunga maswali kila wiki ubaoni, na kila wiki yanafutwa kwa kitambaa. Mwalimu akiweka kumi tu kati ya hayo kwenye ukurasa wa wote, hiyo ni salongo: kila mmoja analeta jembe lake, na njia inayofunguliwa ni ya wote. Mwanafunzi wa Walikale asiye na pesa ya kununua kitabu atajiuliza maswali sawa na mwenzake wa Lubumbashi, na kosa likionekana, litasahihishwa kabla ya siku ya mtihani.