Mambo ya Lugha: Bei ya Uwanja wa Mpira

Juma lililopita tulieleza namna ya kuandika barua ya madai. Leo twataka kusema juu ya misemo ya Kiingereza cha mazungumzo, kwa sababu ya jambo lililompata mkulima mmoja wa upande wa Migori. Mnunuzi wa mahindi alimwambia kwamba bei aliyoitaja ni "ballpark figure". Mkulima yule alikuwa na Kiingereza cha shule, akajua vema kwamba "figure" ni tarakimu. Lile neno la mbele akaliacha lipite. Akaenda zake, akakopa fedha za mbolea kwa kuitegemea bei ile. Siku ya kupima magunia bei ikawa imeshuka, naye akamwita mwenzake mwongo mbele ya watu. Walakini mnunuzi hakudanganya. Usemi ule umetoka katika viwanja vya besiboli vya Marekani, na maana yake ni kadirio tu, bei ya kukisia.

Wala si ajabu. Mgeni akisikia kwetu kwamba fulani amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, ataitafuta chupa. Kadhalika mvuvi wa Homa Bay, ambaye kwake harufu ya samaki ni karo ya watoto, atabunije kwamba Mwingereza akiliita jambo "fishy" analitilia shaka? (Kwa maoni yetu, Waingereza wamewaonea samaki.)

Makarani nao wajihadhari, hasa na neno "table". Katika mabaraza ya Kenya, yaliyofuata desturi za Uingereza, ku-"table" hoja ni kuileta mezani ijadiliwe. Kwa Wamarekani ni kuiweka kando. Basi karani anayeandikiana na shirika la Marekani aweza kungoja majibu kwa furaha, hali shauri lake limekwisha kulazwa.

Kamusi yafaa, lakini tafuta humo usemi mzima, usifasiri neno moja moja. Tena usione haya kuuliza palepale: "Bwana, hiyo ndiyo bei ya mwisho, ama ni ya kukisia?" Swali hilo lingalimwokoa mkulima wetu, wala halikuhitaji Kiingereza. Siku hizi yeye hutaka bei iandikwe kwa kalamu, na tarehe chini yake, kabla hajaenda kukopa.