Taco mnapost, chapati ya Korogwe mnaionea aibu?

Wadau, leo sitaji jina la mtu, ila mwenyewe akisoma atajijua.

Kuna hawa mastaa wetu wa mjini ambao wakila taco lazima nchi nzima ijue. Picha ya sahani, picha ya ndimu, mpaka picha ya bili ili tuone sifuri zilivyojipanga. Poa, hela ni zao. Lakini watu haohao wakiwa njiani kwenda shoo Arusha, gari likisimama Korogwe, vioo juu, kofia usoni, wanatafuna biskuti ndani ya gari. Kisa? Wasionekane kwa mama ntilie.

Kwani taco ni nini? Ni kichapati cha mahindi, ndani nyama, kitunguu, pilipili, unakamulia ndimu, kwisha. Kule Mexico wanaila barabarani, fundi na dereva wamesimama. Na mahindi yenyewe asili yake ni hukohuko, pwani yetu yalifika enzi za Wareno. Nyanya, pilipili na parachichi navyo vilitoka upande huo wa dunia. Kwa hiyo dada wa Handeni anayepiga ugali maharage na kachumbari ana undugu na Mexico kukuzidi wewe wa Masaki.

Na chapati ya moto ukiizungushia mishkaki na kachumbari, aisee! Benchi moja mnakaa wewe, bodaboda, mwanafunzi na dereva wa lori, na hakuna anayekuuliza una followers wangapi.

Kinachoniuma mimi ni biashara. Mabasi mengi yanasimama pale ambapo dereva na konda wanakula bure. Abiria mnapewa dakika kumi, mnanunua chipsi kavu kwa bei ya kukomoa, honi inalia hata hujamaliza kuku. Mama ntilie hana sahani za bure za kugawia kila basi, so anabaki na sufuria lake na mkopo wa kikundi. Posti moja tu ya mtu mwenye wafuasi laki kadhaa ingemjazia benchi wiki nzima. Hamlipwi kwa hiyo posti, najua. Ila hata ile taco mlijilipia wenyewe, au siyo?

Haya, wewe ukishuka Korogwe au ukipita Handeni unakula wapi, na shilingi ngapi? Tupia hapo chini, kuna watu tunasafiri Ijumaa.