Eti "Ugonjwa Umetoka kwa Mama"? Hesabu Inakataa

Wasee, leo sina vichekesho. Kuna sentensi nimeisikia kwetu mpaka imenichosha: "Kwetu hatuzai watoto kama huyu." Aliisema mama mkwe wa shangazi yangu, na aliisema mtoto akiwa hapo hapo.

Binamu yangu alizaliwa akionekana mzima. Halii ovyo, analala usiku kucha, kunyonya lazima aamshwe. Wageni walikuja kumwona wakamsifu: mtoto mpole, hasumbui mama. Macho yalikaa manjano kwa wiki kadhaa, choo kilikuwa shida, kitovu kimetokeza, ulimi mkubwa. Kliniki wakamchoma BCG, wakampa matone ya polio, wakampima uzani, bas. Thairoidi, ile tezi iko hapa mbele ya shingo, hakuna aliyeiuliza. Iligunduliwa akiwa na mwaka 1 na miezi 4, hata kusimama bado, na shingo imeanza kuvimba.

Homoni ya hiyo tezi ndiyo inajenga ubongo wa mtoto. Akiwa tumboni anapata kiasi kutoka kwa mama, ndio maana wengi huzaliwa wakikaa sawa tu. Akishatoka, anajitegemea. Kila wiki inayopita bila homoni, ubongo unapoteza kitu ambacho dawa ya baadaye haiwezi kurudisha chote.

Tatizo hili humpata mtoto 1 kati ya 2,000 hadi 4,000 hivi. Wengi wao tezi haikuumbika vizuri, na mara nyingi hiyo hata si ya kurithi. Lakini karibu 15% tezi ipo, ila haiwezi kutengeneza homoni ya kutosha. Hapo ndipo urithi unaingia, na hapo ndipo binamu yangu yuko. (Na usiniambie aongezewe chumvi yenye ayodini. Unga upo, jiko ndilo bovu.)

Sasa mama mkwe, njoo tupige hesabu. Ugonjwa wa aina hii kwa kawaida unataka jeni mbovu mbili, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa BABA. Wazazi wenyewe wako fiti kwa sababu kila mmoja amebaki na nakala moja nzima. Kila mimba yao ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa. Kwa hivyo kwenu ipo. Mwanao anayo, na kuna uwezekano mkubwa aliitoa kwako ama kwa mzee wako. Mbona hakuna anayemfukuza yeye arudi kwao?

Shangazi alipopata mimba ya pili hakungoja mtu amruhusu. Tulichanga kwa M-Pesa, mtoto akapimwa siku ya 3, damu ya kisigino, tone tu. Naye alikuwa nayo. Akaanza dawa kabla ya wiki 2 kuisha: kidonge kidogo cha levothiroksini, kinasagwa kwenye kijiko na maziwa ya mama. Leo ana miaka 5 na anajibizana na kila mtu, hadi mimi. Kaka yake ana miaka 9, anameza kidonge kile kile kila asubuhi, na bado anatafuta maneno. Baba mmoja, mama mmoja, ugonjwa mmoja. Tofauti yao ni ile miezi.

Na hiki kipimo si kitu cha jana. Quebec, kule Kanada, walianza kupima watoto wachanga mwaka wa 1974, kabla wazazi wa wengi wenu hawajazaliwa. Hapa Kenya mpaka leo kipimo hiki hakijafika kwa kila mtoto anayezaliwa. Tunaweza kumchoma mtoto BCG hata kijijini ndani ndani, halafu tone la damu linatushinda? Wabunge wanaopenda kubeba watoto wa watu wakati wa kampeni, hili swali ni lenu.

Wewe nawe unayeenda bebi shawa Jumamosi: mama huyo ashaletewa blanketi 6. Changeni mlipie kipimo cha TSH, mtoto apimwe akiwa na siku 2 hadi 5. Na mtoto akiwa mpole kupita kiasi, na macho ya manjano hayaishi, msimsifu. Mpelekeni akapimwe, hata kama ni kesho asubuhi, hata kama shosho amesema ni baraka.