Saa ya mechi isiwe fumbo kwa shabiki

SHABIKI wa Ifakara akiulizwa mechi inaanza saa ngapi, atajibu saa 10 jioni au saa 1 usiku. Redio zinatangaza hivyo, na ubao wa kibanda umiza unaandikwa hivyo hivyo. Akifungua simu, anakuta 16:00 au 4:00 PM, hata kama ameshachagua lugha ya Kiswahili.

Hapo ana nafuu, anatoa sita maisha yanaendelea. Balaa ni pale programu inapotafsiri neno na kuiacha saa ilivyo. Mechi ya 19:00 inasomeka "7:00 usiku". Kwa Mswahili hiyo ni saa 7 usiku, watu wamelala na mpira uliisha zamani. "4:00 jioni" ndiyo kabisa, saa hiyo haipo.

Anayeumia ni yule anayepanda bodaboda kutoka Kiberege, au anayevuka Mto Kilombero kutoka Lupiro, kuifuata mechi mjini. Akifika filimbi ya mwisho imeshapulizwa, nauli hairudi.

Mechi za Ulaya zinazidisha utata. Uingereza hubadili saa Machi na Oktoba, Tanzania haibadili. Mechi ya saa 9 alasiri ya London huonwa Ifakara saa 11 jioni majira yao ya joto, na saa 12 jioni wakati wa baridi.

Soka la Bongo linajua uzito wa saa. Mei 8, 2021 mechi ya Simba na Yanga ilisogezwa kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku. Yanga wakafika kwa muda wa awali, wakaondoka, na mechi ikaja kuchezwa Julai 3. Kama mabadiliko yanayoeleweka yanazua hayo, saa isiyoeleweka je?

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa AFCON. Wageni watataka 16:00, wenyeji saa 10 jioni. Waandaaji wa ratiba, tiketi na programu za simu waandike zote mbili. Za baada ya saa 6 usiku waongeze "usiku wa kuamkia" siku gani, kama magazeti yanavyofanya. Kutoa sita ni kazi ya kompyuta, shabiki abaki na kazi yake ya kushangilia.